Istilahi za Volkeno: Kutoka Uluguru hadi Ngazija

Msafiri atokaye Dar es Salaam huiona milima ya Uluguru ikisimama ghafla juu ya mji wa Morogoro. Kwa kuwa Kilimanjaro na Meru ni milima ya volkeno, ni rahisi kudhani kwamba Uluguru nayo ilizaliwa vivyo hivyo. Sivyo. Miamba yake ni ya kale mno. Iligeuzwa kwa joto na mgandamizo chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha ikainuliwa gamba la dunia lilipopasuka. Hapana kasoko katika kilele cha Kimhandu, wala zaha katika uwanda wa Lukwangule.

Kilichomo ni ulanga, yale madini yametametayo na kubanduka tabaka kwa tabaka, ambayo yalichimbwa Uluguru tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Neno hili tunalitaja kwa makusudi. Mfasiri wa mambo ya miamba alipolihitaji, alilikuta limo katika Kiswahili, wala hakulazimika kukopa.

Kwa upande wa volkeno mambo yalikuwa mengine. Jina lenyewe, ambalo wengine huandika volkano, limetoka katika Kiitaliano, na asili yake ni Vulcanus, mungu wa moto wa Warumi. Aghalabu mfasiri asiyetaka kukopa huandika “mlima wa moto”. Jina hili ni jepesi kueleweka, lakini, kama tutakavyoonyesha, linaficha zaidi ya linavyofunua.

Ili kulipima, na tuvuke bahari hadi Ngazija, katika nchi ya visiwa ya Komoro, ambako lugha ya wenyeji ni ndugu ya Kiswahili. Huko umesimama Karthala, mlima wa volkeno hai wenye urefu wa mita 2,361. Mwaka 1903 gesi zake ziliua watu 17. Mwezi wa Aprili 1977 zaha ilifoka katika ubavu wa mlima na kukiangamiza kijiji cha Singani. Mwaka 2005, mwezi wa Aprili na tena Novemba, mlima ulilipuka na kumwaga majivu, yakaharibu maji ya mvua ambayo wananchi walikuwa wameyahifadhi katika matangi. Mlima ni mmoja, lakini maafa ni ya aina tatu: gesi, zaha na majivu. Aliyeambiwa ajihadhari na moto tu hataziba tangi lake la maji, wala hataihofu hewa asiyoiona.

Wakazi wa Goma, chini ya mlima Nyiragongo katika Kongo ya mashariki, wanalijua jambo hili. Hewa ya ukaa itokayo ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Hivyo hutuama mabondeni na kuua watu na mifugo bila moshi wala mwali. Wao huiita mazuku, na wataalamu wa mataifa mengine wamelichukua neno hilo na kulitumia katika maandishi yao. Basi si kweli kwamba istilahi husafiri kwa njia moja tu, kutoka Ulaya kuja kwetu.

Hata hapa Tanzania jina la “mlima wa moto” lina kasoro. Watafiti walioichunguza zaha ya Ol Doinyo Lengai mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuta kwamba ina magadi kwa wingi, na joto lake ni kama nusu ya joto la zaha ya kawaida. Mchana huonekana nyeusi kama tope, na baada ya siku chache hugeuka nyeupe. Atakayetazamia kuona mto wa moto hataitambua.

Kwa sababu hizo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, kufoka kutumike kwa zaha itiririkayo, na kulipuka kwa majivu na mawe yarushwayo juu. Singani ilipatwa na la kwanza, matangi ya Ngazija yakapatwa na la pili. Pili, volkeno hai, volkeno iliyolala na volkeno mfu zitenganishwe daima. Kilimanjaro imelala, haijafa.

Mwalimu wa Morogoro anayo bahati ya kuanzia somo lake dirishani. Awaonyeshe wanafunzi Uluguru, awape ulanga mkononi, na kuwaeleza kwa nini mlima huu hauitwi volkeno. Mwanafunzi aliyekwisha kujua jina lisipostahili kutumika atajua pia linapostahili. Na siku akiwa mtumishi wa serikali, akaombwa kuandika tangazo la tahadhari, hataandika “moto” pale ambapo wananchi wanakabiliwa na gesi.