Redio ya "Mkoloni" Yenye Kaseti: Namna Historia Inavyomuumbua Muuzaji wa Mtandaoni

Mjomba wangu anaishi kata ya Bagamoyo. Kabla hujafikiria mchanga na bahari, nasema Bagamoyo ya Tukuyu, wilayani Rungwe, huku kwenye ukungu, migomba na chai. Siku moja alinitumia picha kwa WhatsApp: redio kaseti kubwa yenye mkono wa kubebea. Chini yake kulikuwa na tangazo: "Redio ya mkoloni, mwaka 1958. Orijino kabisa, inapiga vizuri. 350,000, maelewano yapo."

Alitaka kumnunulia babu. Redio ya babu iliuzwa zamani kipindi cha shida, na mpaka leo hajaacha kuisema. Hela ya kununulia ilikuwa ya parachichi. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umeiona?"

"Nimeiona. Umeshatuma hela?"

Akanyamaza kidogo. "Nimetanguliza elfu hamsini, asije akaniwahi mtu."

Elfu hamsini ile haijarudi mpaka leo, na namba ya muuzaji haipatikani. Kinachoniuma ni kwamba uongo wa tangazo lile ulionekana kwenye picha yenyewe. Hukuhitaji kuwa fundi wala kushika bisibisi. Ulihitaji miaka miwili tu ya historia.

Mwaka wa kwanza ni 1961. Tarehe 9 Desemba Tanganyika ilipata uhuru, mkoloni akaondoka. Mwaka wa pili ni 1963, pale kampuni ya Philips ilipoonyesha kaseti kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin. Redio na kaseti kukaa kwenye kasha moja kulikuja baada ya hapo. Sasa hebu jiulize: redio kaseti ya mkoloni ya mwaka 1958 ilitoka wapi? Haipo.

Sisi wa historia tuna kanuni moja rahisi: kitu hakiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko sehemu yake iliyovumbuliwa mwisho. Tunaitumia kwa barua na hati za zamani, na inafanya kazi vilevile kwa redio. Hata majina na alama zina tarehe ya kuzaliwa. Jina "Tanzania" lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, kwa hiyo redio iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Tanzania haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ikiandikwa "West Germany", ilitengenezwa kabla Ujerumani mbili hazijaungana tarehe 3 Oktoba 1990. Alama ya CE ya soko la Ulaya ilianza miaka ya 1990. Ile picha ndogo ya pipa la taka lililopigwa mkasi ilienea kwenye vifaa vya umeme kuanzia 2005. Ukiona pipa hilo nyuma ya "spika za mwaka 1975", basi ama spika ni mpya ama kibati kimetoka kwenye kifaa kingine.

Ndiyo maana muuzaji mjanja hupiga picha ya mbele tu. Mbele panang'aa, lakini ukweli unakaa nyuma. Omba picha ya kibati cha nyuma, picha ya ndani ya sehemu ya betri (mawe yaliyovuja huacha kutu na unga mweupe), na picha ya mahali waya wa umeme unapoingia.

Hapo kwenye waya nako kuna historia. Redio nyingi za mtumba zilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambako umeme ni volti 100. Wetu ni 230. Ukiichomeka bila kibadilisha umeme, utasikia mlio mmoja tu, na moshi. Halafu tazama namba za FM. Japani kwa miaka mingi walitumia 76 hadi 90, wakati sisi tunatumia 88 hadi 108. Redio ya namna hiyo itakupa kipande kidogo tu, kuanzia 88 mpaka 90, na stesheni nyingine zote hutazipata. Muuzaji akisema "inapiga vizuri" huenda hadanganyi, ila kuna stesheni moja tu anayoipata.

Kwa hiyo swali zuri siyo "inafanya kazi?" Omba video. Iwe na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni, akizungusha kutoka stesheni hadi stesheni, akibadilisha masafa, kisha kaseti ikienda mbele na kurudi nyuma. Mikanda ya mpira iliyo ndani huchoka kwa miaka hata redio isipotumika. Na namba kubwa kama "wati 1000 PMPO" zisikutishe. Hicho ni kipimo cha kibiashara cha nguvu ya kufumba na kufumbua, kisicho na kanuni moja. Uliza RMS.

Tukuyu ina mtego wake wa pekee. Enzi za Wajerumani mji huu uliitwa Neu Langenburg, na hadithi za vitu vya Mjerumani haziishi. Ukikutana na "gramafoni ya Mjerumani" yenye picha ya mbwa na maneno "His Master's Voice", simama kidogo. Maneno hayo ya Kiingereza ni alama ya kampuni ya Uingereza, na Wajerumani waliondolewa Tukuyu na jeshi la Waingereza mwaka 1916. Alama hiyo ilikuwepo kweli Afrika Mashariki, ila wakati wa Mwingereza: Siti binti Saad alirekodi nayo santuri Bombay mwaka 1928. Pamoja na hayo, soko la dunia limejaa gramafoni zilizounganishwa juzi, nyingi India, zikabandikwa mbwa yuleyule ili ziuzwe kwa watalii.

Je, redio ya kweli ya enzi za mkoloni ilikuwaje kwa mtu wa kawaida? Mfano mzuri uko jirani tu. Mwaka 1949, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, walianza kuuza redio iliyopewa jina la Saucepan Special kwa sababu ilikuwa duara kama sufuria, ya bati lililopakwa rangi ya bluu. Ilitumia valvu, yale machupa ya kioo yanayopata moto kwanza ndipo sauti itoke, pamoja na betri kubwa iliyokaa pembeni. Ilikamata masafa mafupi. Haikuwa na kaseti, haikuwa na FM.

Kuna jambo moja zaidi. Kwa nini muuzaji aliandika "ya mkoloni"? Kwa sababu kwetu neno hilo limegeuka kuwa sifa, kama vile kitu imara lazima kiwe cha mkoloni. Lakini redio ile ya pichani, kwa umbo lake, ilikuwa ya miaka ya 1970 au baadaye. Huo ndio wakati Matsushita walitengeneza redio na betri Dar es Salaam, na Radio Tanzania iliingia vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima takriban milioni 2 katika vikundi, wakisikiliza redio na kujadili vyoo, maji na malaria. Muuzaji aliiongezea redio umri ili apandishe bei, na papo hapo akaifutia historia yake.

Nilipomweleza babu yote haya, alicheka. Akasema redio yake aliinunua mwenyewe baada ya uhuru, kwa hela ya kahawa, dukani, mpya. "Mkoloni hakunipa redio," akasema. Mjomba bado anamtafutia nyingine. Safari hii kila picha inayokuja ananitumia, na swali lake la kwanza kwa muuzaji ni lilelile: "Ndugu yangu, naomba unigeuzie nyuma."