Kisasi na Hukumu: Kutoka Lugalo hadi Oysterbay

Karibu na Mbalizi, mji wa soko ulioko magharibi ya Mbeya katika barabara iendayo Tunduma, pana mahali paitwapo Utengule. Katika karne ya 19 hapo palikuwa na ngome ya Merere, mtawala wa Wasangu, waliokuwa wamesukumwa na Wahehe kutoka nchi yao ya Usangu. Wadachi walipoingia Nyanda za Juu Kusini, Wasangu waliwapokea kama washirika, kwa kuwa adui yao alikuwa mmoja, naye ni Mkwawa. Twaanzia hapo kwa makusudi, ili msomaji asidhani kuwa kisa hiki kina Wazungu upande mmoja na Waafrika wote upande wa pili. Mwenye nguvu ajapo na hasira zake, aghalabu huwakuta wenyeji nao wana zao.

Tangu tarehe 11 Septemba 2001 limeulizwa mno swali hili: dola kubwa ikipigwa, ijibu vipi? Huulizwa kana kwamba ni swali jipya, tena la watu wa Magharibi peke yao. Ilhali majibu yake, mabaya na mema, yamekwisha kujaribiwa hapa kwetu.

Watu wa Mrima walimjua Emil von Zelewski kabla ya Wahehe kumjua. Ndiye yule wakala wa kampuni ya Kidachi aliyewatia watu wa Pangani uchungu kwa jeuri yake mwaka 1888, vikazuka vita vya Abushiri, ambavyo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi. Watu walimpa jina la Nyundo. Miaka mitatu baadaye Nyundo aliongoza kikosi kwenda Uhehe, akichoma makazi ya watu njiani. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashujaa wa Mkwawa walikivizia kikosi hicho na kukivunja katika muda mfupi mno. Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wadachi wengine kadhaa na mamia ya askari wao Waafrika.

Lugalo ilikuwa vita, na Mkwawa alikuwa akiilinda nchi yake. Hatumweki safu moja na watu wategao mabomu barabarani. Tunachokitazama ni jinsi Wadachi walivyojibu. Makazi yaliyochomwa kabla ya mapigano yalisahauliwa upesi, likabaki neno moja tu: adhabu. Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilibomolewa kwa mizinga. Mkwawa akaponyoka, na kwa kuwa hakushikika, waliadhibiwa walioshikika: chakula kilitwaliwa, mifugo ikatekwa, vijiji vikateketezwa. Mpangile, nduguye Mkwawa, alisimikwa na Wadachi wenyewe mwishoni mwa 1896, na mwanzoni mwa 1897 wakamuua kwa kumshuku. Kichwa cha Mkwawa kikatangaziwa rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, akikaribia kukamatwa, alijiua kwa bunduki. Kichwa chake kilikatwa.

Je, hapo amani ilipatikana? Miaka saba baadaye vilizuka vita vya Maji Maji. Wahehe safari hii walikuwa upande wa Wadachi, lakini kusini yote, hata Ubena na Ungoni, iliwaka. Adhabu ikarudiwa kwa kipimo kikubwa zaidi, kwani mashamba na maghala yalichomwa makusudi ili njaa imalize kazi ya risasi. Wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Tofauti hiyo ya makadirio nayo ni ushahidi, maana aadhibuye nchi nzima hahesabu.

Tuje sasa kwenye Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, mabomu yalipolipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, kumi na wawili tu kati yao Wamarekani. Oysterbay, Dar es Salaam, walikufa 11, na Mmarekani hakuwamo. Waliokufa wengi hawakuwa na ugomvi na mtu, na hakuna dhuluma yoyote duniani, hata iwe ya kweli vipi, inayoweza kuhalalisha damu yao.

Marekani ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilichukua siku kumi na tatu: tarehe 20 Agosti makombora yalipiga kambi nchini Afghanistan na kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum. Ilidaiwa kuwa kiwanda kile kilihusika na silaha za kemikali, dai ambalo halijathibitishwa hadi leo. Dawa za wagonjwa wa Sudan zilikuwa za kweli.

Njia ya pili ilikuwa ndefu, nayo ilimfikia kijana wa visiwani kwetu, Khalfan Khamis Mohamed, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999 na kupelekwa New York. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kuwa ilikuwa kosa kumtoa bila ahadi kwamba hatauawa. Fikiri, msomaji: nchi iliyotoka juzi tu katika ubaguzi wa rangi inalifunza sheria dola kubwa. Baraza la wazee wa mahakama la New York lilimkuta na hatia, kisha halikuafikiana juu ya kumwua. Tarehe 18 Oktoba 2001 yeye na wenzake watatu walihukumiwa kifungo cha maisha, mwendo mfupi kutoka kwenye kifusi cha yale majengo mawili kilichokuwa bado kikifuka. Kwangu mimi, siku hiyo Marekani ilikuwa na nguvu kuliko siku yoyote iliyofuata.

Kwani baadaye iliirudia njia ya Nyundo. Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri, kisha akapelekwa Guantanamo. Alipofikishwa mahakamani mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi mkuu, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mshitakiwa. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, alipatikana na hatia katika moja tu. Moja hilo lilitosha kumfunga maisha, lakini wafiwa walikuwa wamenyimwa haki ya kusikia habari yote ikithibitishwa.

Madeni ya namna hii hayaozi. Fuvu la Mkwawa liliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarejeshwa mwaka 1954, na wapo wanaotilia shaka kama ndilo hasa. Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023, zaidi ya karne moja baada ya njaa ile. Nayo Sudan, iliyowahi kumhifadhi Osama bin Laden, ilikubali mwaka 2020 kulipa dola milioni 335 kwa waathirika wa mashambulio, yakiwemo yale ya 1998. Katika mgawo wake, Mmarekani aliyefanya kazi ubalozini alitengewa fungu kubwa mara nyingi kuliko mwajiriwa Mwafrika wa jengo lile lile, na mpita njia wa Nairobi hakutengewa kitu.