Mawe ya Shosho

Kama ulikulia Thika ama vijiji vya huko nyuma yake, unajua mawe ni nini: betri za tochi, zile za kuanikwa juani zipate nguvu ya jioni moja tena. Nikiwa darasa la tano niliiba mawili makubwa kwenye redio ya Shosho. Nilikuwa na slipas kuukuu ya kuelea, na mota na rimoti ya kigari cha mtumba. Volti 1.5 mara mbili ni 3, na mota ilitaka 3. Uzito sikuuwaza. Mashua ilienda hatua chache mtoni, ikapinduka, mawe yakazama.

Kumbe tatizo ni la zamani. Mwaka 1838 Moritz Jacobi aliendesha mashua ya umeme yenye abiria katika mto Neva, Urusi. Betri zake zilikula zinki, na zinki ikiisha imeisha. Mawe ya Shosho ni ukoo huo: ganda la zinki ndilo huliwa, mpaka litoboke likuharibie redio. (Jua haliongezi chaji. Joto huchangamsha tu kemikali iliyobaki.) Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi, ya kuchajiwa tena, na ni betri za kuchajiwa ndizo Nikola Tesla alizotia kwenye kimashua cha chuma alichokiongoza kwa redio mbele ya watu New York, 1898. Ni nzito, lakini chombo chenye tumbo hutulia uzito ukikaa chini. Slipas haina tumbo.

Sasa kinachoniudhi. Mota ukiizungusha kwa maji inakutolea umeme, na kwa kanuni hiyo mto Ruiru uliwashia Nairobi taa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mto Thika nao ukawekewa mitambo pale Ndula, 1925. Nyumba ya Shosho, ambako usiku unausikia mto, ilipata stima nikiwa kidato cha pili. Kabla ya hapo redio ilikula mawe, na mawe ni pesa. Wiki ile niliyoyazamisha, matangazo ya vifo yalisomwa bila yeye, likiwemo la binamu yake wa Nyeri. Alipata habari mtu ameshazikwa. Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Nilisomea umeme mihula mitatu, karo ikaisha. Siku hizi naishi Ruiru, na betri nazitoa kwenye laptop zilizokufa. Hizi za lithiamu Sony ilianza kuziuza 1991: moja ina volti 3.7 na gramu 45 hivi. Usiunganishe mbili kwa mota ya 3 ukidhani unaongeza spidi, utachoma brashi. Na propela ianze ndogo, kwa sababu mota hunywa umeme mwingi zaidi ikikwama, na magugu yetu yanakwamisha. Iliyovimba usiiguse kabisa, hata fundi akikupa bure.

Mwezi uliopita nilimpeleka Shosho kwenye shimo la kwari lililojaa maji, mashua ikazunguka dakika ishirini. Akauliza inatumia mawe mangapi.

"Moja tu, Shosho."

Akanyoosha mkono nimpe alishike.