Kabla ya Ndege ya Mboya, Kulikuwa na Fomu

Uliza mtu yeyote kuhusu ndege ya Tom Mboya na atakupa ile picha ya Septemba 1959: vijana 81 wakiondoka Nairobi kwenda kusoma Marekani. Ni picha kali, sikatai. Lakini tukianzia hadithi uwanja wa ndege, tunaruka ile sehemu yenye inatuhusu zaidi sisi wenye wadogo zetu bado wako shule.

Hebu fikiria enzi hizo. Ukitaka digrii bila kutoka Afrika Mashariki, chuo kilikuwa kimoja tu, Makerere, na nafasi zake zilikuwa za kuhesabu. Ungepita mtihani vizuri kabisa na bado ubaki nyumbani, ama uishie kuwa karani. Ndoto vijana walikuwa nazo. Kitu wengi hawakuwa nacho ni mtu wa kuwaonyesha ndoto inaanzia mlango gani.

Hapo ndipo anaingia Dkt. Julius Gikonyo Kiano. Jamaa alirudi mwaka wa 1956 na shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Mkenya wa kwanza kufika huko. Kazi yake ilikuwa kufundisha Royal Technical College hapa Nairobi. Kutafutia watoto wa watu vyuo ng'ambo hakukuwa kwenye mkataba wake, lakini alifanya. Yeye, Mboya na Kariuki Njiiri ndio walikuwa wakipitia maombi na kuhoji vijana.

Na Mboya mwenyewe? Hakuwa na digrii. Masomo yake yalikatizwa na ukosefu wa karo, akasomea ukaguzi wa afya, halafu baadaye akapata mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Alijua vizuri sana kufungiwa mlango kunafananaje.

Sasa sikia hii. Ili upande ile ndege, ilibidi uwe umeshapata chuo Marekani, na angalau sehemu ya pesa za kukaa huko. Ndege ilitatua nauli tu. Hayo mengine yalikuwa barua, fomu, kungoja majibu na kuandika tena. Familia na majirani waliandaa karamu za chai kuchanga pesa. Kule Marekani, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Mwaka wa 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo. Wangari Maathai alikuwa kwenye kundi la 1960. Akaenda Kansas, akasomea biolojia. Hayo mengine unayajua.

Mboya aliuawa Julai 1969, lakini wazo halikuzikwa naye. Mwaka wa 2002 binti yake, Susan Mboya, alianzisha Zawadi Africa, inayosaidia wasichana werevu wasio na uwezo kupata ufadhili wa chuo.

Mbona nawaambia haya? Kwa sababu siku hizi tukisema tunaenda kushauri wanafunzi, mara nyingi tunamaanisha kusimama ukumbini, kupiga kelele "mnaweza!", kupiga picha na kurudi mtaani. Mtoto anabaki amechangamka, lakini hajui afanye nini Jumatatu.

Na sasa maamuzi yanakuja mapema. Chini ya mtaala mpya, mtoto wa Gredi ya 9 anachagua njia: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Akikosea masomo hapo, kozi anayoitaka inaweza kumponyoka miaka mitatu kabla hajaomba chuo. Yule mwenye mzazi daktari ataelezewa mezani wakila. Huyo mwingine anategemea nani?

Anakutegemea wewe mwenye ulipita huko juzi. Likizo ikifika, chukua mtoto mmoja, si mia. Muulize anataka kusomea nini. Tafuteni pamoja masomo na alama zinazohitajika. Andikeni alama zake za sasa kando, muone pengo liko wapi, na mkubaliane la kuziba muhula huu. Halafu muhula ukiisha, mpigie simu. Hiyo simu ya pili ndiyo wengi wetu husahau.