ACC (asidi ya aminosaiklopropani kaboksili)

ACC (C₄H₇NO₂) ni kampaundi ambayo mimea huigeuza kuwa ethilini, homoni inayoivisha matunda na kupukutisha majani. Nafasi yake ilithibitishwa mwaka 1979 na Douglas Adams na Shang Fa Yang wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Mmea huiunda kutokana na methionini. Hatua ya mwisho, ya kuigeuza ACC kuwa ethilini, haiendi bila oksijeni.

Sharti hilo ndilo linaloipa uzito katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ambako mpunga hulimwa kwenye ardhi ya mafuriko. Mizizi iliyozama hukosa hewa, na ACC hurundikana humo. Katika mnyanya hupanda hadi majanini, ikawa ethilini huko, na majani yakainama. Mpunga umejaliwa zaidi: ethilini inayonaswa katika shina lililozama huchochea shina kurefuka kuifuata hewa, na mizizi kufungua vijia vya hewa. Uwezo huo una kikomo. Mafuriko makubwa ya mwaka 2024 yaliharibu mashamba mengi Rufiji na Kibiti.

Wanaovundika ndizi nao huitegemea ACC: ethilini iliyofungiwa pamoja na matunda huyachochea yatengeneze ACC zaidi, na mkungu mzima huiva kwa pamoja.