Ureno Ilipokosa Maaskari

Leo tunaongea juu ya nchi ndogo iliyopigana vita tatu mbali na kwao, mpaka ikaishiwa na watu. Nchi hiyo ni Ureno.

Mwaka 1961 watu wa Angola walishika silaha. Mwaka 1963 ikafuata Guinea-Bissau, na 1964 Msumbiji. Ureno ilikuwa na watu karibu milioni 9 tu, wengi wao maskini. Hata hivyo, kufikia 1973 ilikuwa na maaskari karibu 150,000 katika Afrika. Kijana aliitwa, akafunzwa, akapelekwa miaka miwili ng'ambo. Wengine hawakungoja kuitwa: walivuka mipaka kwa siri mpaka Ufaransa, kutafuta kazi huko.

Sasa serikali inayokosa watu inafanya nini? Mungefikiri itatafuta mapatano. Hapana, Ureno iliazima watu. Iliandika vijana Waafrika jeshini. Mwishoni, huko Msumbiji, walikuwa zaidi ya nusu ya jeshi. Na kwa kuwa maaskari hawakutosha kulinda kila kijiji, vijiji ndivyo vilivyohamishwa. Watu mamia ya maelfu waliondolewa kwao, wakakusanywa penye ulinzi. Ninyi mulio kambini munajua maana yake: shamba liko kule, wewe uko hapa.

Makapiteni nao walipungua, maana vijana hawakutaka tena shule ya maofisa. Julai 1973 serikali ya Marcelo Caetano ilitoa sheria ya kuwaingiza haraka maofisa wa muda katika kazi ya kudumu. Maofisa wa zamani walikasirika kwa ajili ya vyeo vyao. Wakaanza kukutana kwa siri, na maneno ya vyeo yakageuka maneno ya vita yenyewe. Tarehe 25 Aprili 1974 waliangusha serikali.

Lakini wale walioazimwa, nani aliwarudisha nyumbani? Huko Guinea-Bissau, makomando wengi Waafrika waliotumikia Wareno waliuawa baada ya uhuru. Wazee wa vijiji, mtu akija kuwaomba vijana, muulizeni swali hilo kabla ya kuhesabu zawadi alizoleta.

Habari hii inatugusa hata sisi. Majandarme wa Katanga waliokimbilia Angola baada ya Katanga kushindwa mwaka 1963 walitumiwa na Wareno dhidi ya wapigania uhuru wa Angola. Mwaka 1975 Wareno waliondoka. Majandarme walibaki, na bunduki mkononi. Machi 1977 waliingia Shaba, jina la Katanga wakati ule. Mei 1978 waliteka Kolwezi.

Mwaka 1961 Waangola wengi walikuwa wamekimbilia kwetu. Mwaka 1977 jamaa za upande wa Dilolo na Kapanga ndizo zilizoshika njia ya kwenda Angola, watoto mgongoni.