Kinga Inapougeukia Mwili: West Nile katika Historia ya Seli B

Katika maandishi ya tiba, wilaya ya zamani ya West Nile, ambamo Koboko, Arua na Pajulu zilikuwamo, hutajwa kwa ugonjwa mmoja: uvimbe wa taya za watoto ulioelezwa na daktari mpasuaji Denis Burkitt mwaka 1958. Makala haya yanaisoma historia hiyo kwa swali jingine. Damu ya wilaya hii ilichangia sana kufahamika kwa seli B, yaani chembe nyeupe zinazozaa kingamwili. Imekuwaje basi wilaya hiyohiyo isisikike katika historia ya magonjwa ambamo seli hizo huugeukia mwili wenyewe, hususan lupasi, ugonjwa wa tishu unganishi unaoshika viungo, ngozi na figo?

Katika hospitali ya misheni ya Kuluva, kusini mwa Arua, Dkt. Ted Williams alitunza kumbukumbu za wagonjwa wa uvimbe huo kwa uangalifu wa nadra. Mwaka 1961 yeye, Burkitt na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo umeonekana. Walibeba picha, na picha ilitosha: taya lililovimba halihitaji maabara wala mkalimani. Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr walitangaza kuona virusi ndani ya seli zilizooteshwa kutoka katika uvimbe huo. Baadaye ilibainika kwamba makazi ya virusi hivyo ni seli B, na kwamba havitoki humo maisha yote.

Kati ya 1972 na 1974, damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ilichukuliwa katika utafiti uliosimamiwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, akiwamo Guy de-Thé. (Ni katika miaka hiyohiyo, 1973, Idi Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, sadfa ambayo wanahistoria wa lugha wangefaidika kuitazama.) Matokeo ya 1978 yalionyesha kwamba watoto waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya virusi hivyo hata kabla uvimbe haujatokea. Malaria, inayozichochea seli B mfululizo, ilihesabiwa kuwa mshirika wa virusi.

Wakati huohuo hoja nyingine ilikuwa imeshika mizizi. Mwaka 1968 Brian Greenwood, akiwa Ibadan, aliandika kwamba lupasi na baridi yabisi ni magonjwa adimu kwa Wanijeria, akadhani vimelea ndivyo vinavyoituliza kinga. Mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wa ukoo unaozaliwa na mwelekeo wa ugonjwa kama lupasi hawakuugua sana walipoambukizwa malaria. Jaribio lilikuwa safi. Lakini kutoka kwa panya hadi kwa mwanamke wa Pajulu ni safari ndefu, na waliofuata waliifupisha mno. Uadimu wa wagonjwa katika daftari la hospitali ukachukuliwa kuwa uadimu wa ugonjwa.

Daftari huandika kinachotambulika. Lupasi huanza kwa homa, uchovu na maumivu ya viungo, dalili ambazo katika nchi ya malaria zina jina tayari. Wekundu wa mashavuni uliochorwa vitabuni hauonekani kwa urahisi katika ngozi nyeusi. Zaidi ya hayo, kipimo cha kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli hakikuwa cha zahanati.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kukinga ni kuzuia, na pia ni kutega chombo maji yaingie. Katika maana zote mbili, kinga ni jambo la heri. Ukimwi, upungufu wa kinga mwilini, uliufundisha umma kwamba balaa ni kinga kupungua. Atakayemweleza mgonjwa kwamba kinga yake ipo tele lakini imemgeuka, na kwamba dawa ni kuipunguza, anakwenda kinyume cha somo hilo. Kiswahili kina methali ya kumsaidia, kikulacho ki nguoni mwako, ila istilahi bado inayumba: wengine husema kinga kujishambulia, wengine kinga kuushambulia mwili. La pili ni bora, kwa kuwa kinachoshambuliwa si kinga. Huko Pajulu, sentensi hiyo hulazimika tena kuvuka kwenda Kilugbara.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba karibu vijana wote wenye lupasi waliowapima, 116 kati ya 117, walikuwa na alama za virusi vya Epstein-Barr, ilhali miongoni mwa wenzao wasiougua ni takriban asilimia 70. Ulinganisho wa namna hiyo hauwezekani West Nile, ambako karibu kila mtoto huambukizwa akiwa mdogo sana. Swali la huko si nani ana virusi, bali ni kwa nini seli B zilezile humpeleka mmoja kwenye uvimbe, mwingine kwenye lupasi, na walio wengi kusikojulikana ugonjwa wowote. Damu ya 1972 haikuulizwa hilo.